Kupima umeme wa jua na upepo usio wa gridi: mwongozo kamili kutoka pwani ya Tanga

Mjomba wangu ana dago la uvuvi kusini ya Kigombe, ukiiacha barabara ya Pangani na kushuka kwa miguu mpaka ufukweni. Nguzo za TANESCO, yaani gridi, hazijafika kule. Ana paneli mbili, pangaboi dogo la kuzalisha umeme kwa upepo, betri moja kubwa na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO. Nilipomtembelea msimu wa kusi, hata sijamaliza salamu akanipa kazi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Afadhali umekuja. Nataka uniongezee paneli moja, umeme hautoshi."

"Kwa siku unapata kiasi gani?"

"Taa zinawaka mpaka saa nne usiku, halafu inveta inaanza kulia."

Nimepata jibu kama hilo karibu kila nyumba niliyoingia, na fundi akilisikia huuza paneli. Mimi nilimwomba wiki tatu za kupima kwanza. Zilipokwisha, fedha ya paneli ilikuwa bado mfukoni mwake, kwa kuwa paneli alizokuwa nazo zilikuwa zinakaa bure nusu ya siku. Tatizo lilikuwa kwingine kabisa. Nitaeleza tulivyoligundua, hatua kwa hatua, nawe uweze kufanya vivyo hivyo kwako.

Kwanza, tuelewane unapima nini

Wati ni kama mwendo wa bodaboda, na wati-saa (Wh) ni kilomita ilizokwenda. Paneli ikitoa wati 100 kwa saa tatu, umepata wati-saa 300. Mtu akikwambia "pangaboi langu linatoa wati 400", amekutajia mwendo wa kasi kuliko wote, tena wa dakika chache za upepo mkali. Kinachopika, kinachowasha taa na kinachochaji simu za wavuvi ni wati-saa za siku nzima.

Kwa hiyo kila siku unatafuta namba nne: jua limeingiza ngapi, upepo umeingiza ngapi, vifaa vimetumia ngapi, na betri imeamka na volti ngapi alfajiri. Kuna jambo la tano ambalo wengi huliacha: betri ilijaa saa ngapi. Usiposhika hili, namba zako zote zitakupoteza. Nitalirudia kwa kirefu huko mbele.

Hatua ya 1: Chora mfumo ulivyo

Chukua karatasi, uchore kila kitu kilivyofungwa kwa kweli. Usichore unavyodhani kilifungwa. Fuata waya kwa mkono, kutoka paneli hadi kontrola (boksi linalosimamia umeme unaoingia betrini), kontrola hadi betri, betri hadi inveta. Andika unene wa kila waya na urefu wake. Nakili kibandiko cha nyuma ya paneli: wati, volti za wazi (paneli ikiwa haijaunganishwa na kitu), ampea za shoti (ncha zake mbili zikiunganishwa moja kwa moja). Pangaboi lipime kipenyo chake kwa futi kamba, kwani wati zilizoandikwa kwenye boksi hazikuambii mengi, ila kipenyo hakina uongo.

Katika mwongozo huu nitatumia mfano mmoja unaofanana na wa mjomba: paneli mbili za wati 150, pangaboi lililoandikwa wati 400 lenye kipenyo cha mita 1.2, betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200, na inveta ya wati 1000.

Hatua ya 2: Vifaa vya kupimia

Multimita ya kawaida ni lazima. Ya pili ni klampu mita, ile ya kubana waya bila kuukata. Hapa kuwa mwangalifu dukani: nyingi za bei ya chini zinasoma ampea za AC tu (umeme wa kwenda na kurudi, kama wa TANESCO), na mfumo wako ni DC (umeme wa kwenda upande mmoja, kama wa betri). Tafuta pembeni ya herufi A alama ya mstari mnyoofu wenye vinukta chini yake. Ikiwa pana alama ya wimbi peke yake, iache.

Kisha wattmita mbili za DC zinazojumlisha wati-saa, moja kwa jua na moja kwa upepo. Kabla ya kulipa, uliza kama inakumbuka hesabu umeme ukikatika. Zipo zinazojiendesha kwa umeme ule ule zinaoupima. Ukifunga moja ya hizo upande wa paneli, jua likizama inazimika, na asubuhi inaanza sifuri. Hizo zinahitaji kupewa umeme wao kutoka kwenye betri.

Kwa betri, kilicho bora ni mita yenye shanti. Shanti ni kipande cha chuma chenye ukinzani mdogo sana unaojulikana. Ile iliyoandikwa 50A/75mV maana yake ampea 50 zikipita, kati ya ncha zake pana milivolti 75. Ukisoma milivolti 30, zinapita ampea 20. Inafungwa upande wa hasi, na waya pekee unaogusa hasi ya betri uwe wa shanti. Mingine yote ianzie ng'ambo ya pili. Waya mmoja tu ukiupita pembeni, hesabu yote imeharibika.

Ongeza kipimaupepo cha vikombe au cha feni, mita ya kuchomeka kwenye soketi kwa vifaa vya AC, na kaunta buku. Simu pia itafaa kwa kurekodi video. Kama kontrola yako ina Bluetooth na programu yake, itumie, lakini siku ya kwanza ilinganishe na klampu mita. Isipishane nayo zaidi ya asilimia chache.

Hatua ya 3: Kufunga mita bila kuumia

Vua pete na saa ya chuma. Betri ya ampea-saa 200 ikipigwa shoti na spana inaweza kuyeyusha chuma na kukuunguza vibaya. Fyuzi ikae karibu na chanya ya betri, kabla ya kitu kingine chochote.

Utaratibu wa paneli: ukifungua, tenga paneli kwanza na betri mwisho. Ukirudisha, anza na betri na umalizie na paneli. Kontrola nyingi huharibika zikipata umeme wa paneli bila betri.

Pangaboi lina adabu zake, na hapa nasisitiza kwa moyo wote. Usilitenge na betri likiwa linazunguka. Likikosa mzigo linakwenda kasi kupita kiasi, volti zinapanda ghafla, kontrola inaungua, na mapanga yanaweza kukatika. Subiri upepo utulie, weka swichi ya breki (ile inayounganisha nyaya zake tatu pamoja), funga mapanga kwa kamba, ndipo uguse waya.

Wattmita ya DC usiifunge kwenye nyaya tatu zinazoshuka mlingotini. Umeme wa pale ni AC ambayo mapigo yake hubadilika kila upepo unapobadilika. Pima baada ya kuwa DC. Kama kontrola yako inachukua jua na upepo ndani ya boksi moja, pima jua kwenye waya wa paneli, pima jumla kwenye waya wa kwenda betri, kisha toa. Tofauti hiyo ina mapungufu ya kontrola ndani yake, hivyo ithibitishe kwa namba ya usiku: kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, chochote kinachoingia betrini ni cha upepo.

Hatua ya 4: Pima paneli peke yake

Chagua siku yenye anga safi, kati ya saa tano na saa saba mchana. Funika paneli kwa kanga nzito au blanketi, itenge, unganisha multimita, kisha funua. Soma volti za wazi. Kibandiko kikisema 22 na paneli ina joto la nyuzi 60, utasoma karibu 20. Hilo ni sawa. Vipimo vya kibandiko vilichukuliwa seli zikiwa na nyuzi 25 na mwanga wa wati 1000 kwa mita ya mraba, na joto hilo la seli huku kwetu hulipati saa sita mchana. Kwa kila nyuzi moja juu ya 25, paneli ya silikoni hupoteza kama asilimia 0.4 ya wati zake. Kwenye nyuzi 60 umepoteza kama asilimia 14 hata kabla ya vumbi.

Sasa ampea za shoti. Funika tena, hamisha waya wa multimita kwenda tundu la 10A, unganisha, funua kwa sekunde chache, soma, funika. Kufunika kunazuia cheche unapounganisha na kutenganisha. Fanya paneli moja moja, kwani mbili pamoja zitapita uwezo wa multimita. Ikiwa kibandiko kinasema ampea 8.9 nawe umesoma 7.5, unapata asilimia 84 ya jua kamili, na siku yenye ukungu wa bahari hiyo si mbaya.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hapa hakihitaji hata kujua jua lina nguvu kiasi gani. Osha paneli moja kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, mapema asubuhi, na ya pili uiache na uchafu wake. Saa sita pima ampea za shoti za zote mbili. Tofauti kati yao ndiyo uchafu wako, kwa namba. Kesho osha na ile ya pili, upime tena. Zikilingana, basi. Zikiendelea kupishana zaidi ya asilimia tano, ile dhaifu ina kasoro au kivuli. Pwani tuna chumvi inayoganda na kushika vumbi, na kunguru hawachagui pa kujisaidia. Ulalo wa nyuzi 10 hadi 15 kuelekea kaskazini husaidia mvua kuosha, na unafaa pia kwa jua la Juni, ambalo kwetu Tanga hukaa upande wa kaskazini. Jua hupita utosini mara mbili tu kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba.

Kontrola ziko za aina mbili, PWM na MPPT. Kama yako ni ya PWM, usishtuke kuona paneli ya wati 150 ikitoa wati 108 tu. PWM huishusha paneli hadi volti za betri: ampea 8.3 mara volti 13 ni 108. MPPT huzitumia zile volti za ziada.

Hatua ya 5: Pima pangaboi

Nguvu iliyomo kwenye upepo huongezeka kwa kipeo cha tatu cha mwendo wake. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nane. Na hakuna pangaboi linaloweza kukamata zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu hiyo. Kikomo hicho kinaitwa kwa jina la Mjerumani Albert Betz. Pangaboi dogo zuri hukamata asilimia 20 hadi 30. Kwa kipenyo cha mita 1.2 na asilimia 25, utegemee takriban hivi: upepo wa mita 3 kwa sekunde, wati 4 au 5; mita 5, wati 21; mita 6, wati 36; mita 8, wati 85; mita 10, wati 165. Zile 400 za kwenye boksi hudai upepo wa mita 12 na zaidi, huo ambao manahodha wengi hurudisha ngalawa nchi kavu.

Namna ya kupima: weka kipimaupepo kwenye mti au bomba, karibu kimo kimoja na pangaboi, mita tatu hivi kutoka kwenye mapanga, upande upepo unakotokea. Kukishika mkononi ukiwa chini hakukupi kitu, kwa sababu juu upepo ni mkali zaidi. Kama kisomeo chake hakina waya mrefu, funga simu pale juu irekodi video, na simu ya pili irekodi wattmita, zote zikianza dakika moja. Jioni keti, andika kila baada ya sekunde 30: mwendo, wati. Kisha panga kwa makundi: namba zote za mita 3, zote za mita 4, zote za mita 5. Tafuta wastani wa kila kundi. Somo moja moja litapotoka, kwani upepo ukivuma ghafla mapanga huchelewa kushika kasi, lakini ukiwa na masomo 30 kwa kundi picha inatulia.

Mambo mawili huharibu kipimo hiki. La kwanza, betri iliyojaa: kontrola itafunga breki au itapeleka umeme kwenye mzigo wa kumwagia (kifaa cha kumalizia umeme wa ziada), nawe utadhani pangaboi limechoka. Pima betri ikiwa na njaa. La pili, kutumia wastani wa upepo. Tuseme asubuhi unavuma mita 3 na alasiri mita 7. Wastani ni 5, na kipeo cha tatu cha 5 ni 125. Lakini kipeo cha 3 ni 27, cha 7 ni 343, wastani wao 185. Nguvu halisi imezidi hesabu yako kwa karibu nusu. Ndiyo maana usikadirie umeme wa mwezi kwa namba moja ya wastani. Acha wattmita ijumlishe.

Ikiwa wati ziko chini sana kwenye kila kundi, kabla ya kulaumu mtambo tazama minazi. Kanuni inayotumika ni mapanga yakae mita 9 juu ya kizuizi chochote kilicho ndani ya mita 150. Mnazi wa mita 20 unakudai mlingoti wa mita 29, ambao hapa ufukweni si wa kawaida. Ila sisi tuna bahati moja: kusi hutoka kusini mashariki na kaskazi kaskazini mashariki, zote mbili zikija kutoka baharini. Ukiuhamisha mlingoti mbele ya minazi, upande wa maji, umeshinda bila kurefusha chuma.

Hatua ya 6: Pima betri

Volti ukizisoma betri ikichajiwa au ikitumika zitakudanganya. Tenga kila kitu, subiri saa tatu au nne, kisha soma. Betri ya asidi iliyojaa huonyesha karibu 12.7. Robo tatu ni 12.4, nusu 12.2, robo 12.0. Zile za kujaza maji zipime na haidromita pia, kile kipimo cha uzito wa maji ya betri: 1.265 imejaa, 1.190 imefika nusu. Betri za lithiamu za fosfeti haziendi hivyo. Volti zake hukaa pale pale karibu 13.2 kwa muda mrefu, kwa hiyo kwao shanti haina mbadala.

Sasa kipimo cha uwezo, ndicho kilichotufumbua macho Kigombe. Jaza betri kabisa. Zima paneli, funga breki ya pangaboi. Washa mzigo usiobadilika wa ampea 5 (taa za gari mbili ndogo zilitosha) kwa saa kumi. Umetoa ampea-saa 50. Ipumzishe, kisha soma volti. Betri nzima ya 200 imetoa robo tu, kwa hiyo utasoma karibu 12.4.

Tulianza saa moja asubuhi, tukazima saa kumi na moja jioni. Saa tatu usiku mjomba alishika tochi, mimi nikashika ncha za multimita. 12.18. Alinitazama. Ampea-saa 50 zilikuwa zimemaliza nusu ya betri, maana yake betri iliyoandikwa 200 ilikuwa imebakiwa na 100 hivi. Miaka ya kulala ikiwa tupu ilikuwa imeila kimya kimya. Na hapo ile hadithi ya "umeme hautoshi" ikaanza kueleweka.

Hatua ya 7: Nyaya na inveta

Pima volti kwenye kontrola na volti kwenye betri kwa wakati mmoja, ampea zikiwa nyingi. Tofauti ndiyo inayopotea njiani. Waya wa shaba wa milimita za mraba 4, umbali wa mita 10 (kwenda na kurudi 20), ukipitisha ampea 15 hupoteza volti 1.3. Kwa mfumo wa volti 12 hiyo ni sehemu ya kumi ya umeme wako. Ukiweka wa 10, hasara hushuka hadi nusu volti.

Kisha gusa ncha moja ya multimita kwenye nguzo ya betri yenyewe, na nyingine kwenye lagi, kile kichwa cha shaba kinachobanwa na boliti juu yake. Inapaswa kusoma karibu sifuri. Kwa mjomba ilisoma volti 0.6 zikipita ampea 18, sawa na wati 11 za joto tupu. Tulipofungua tukakuta unga wa kijani umejaa chini ya lagi. Tukasugua kwa msasa, tukabana, tukapaka vaselina juu. Hewa ya chumvi haina huruma na shaba. Fanya ukaguzi huu kila miezi mitatu.

Inveta ipime ikiwa imewashwa bila kifaa chochote. Ikivuta ampea 1, hizo ni wati 12, na kwa saa 24 ni wati-saa 288. Taa tatu za LED za wati 8 zingewaka saa kumi na mbili kwa umeme huo. Kisha weka mzigo, ulinganishe wati za DC zinazoingia na za AC zinazotoka. Asilimia 85 hadi 90 ni nzuri.

Hatua ya 8: Daftari

Soma kila siku saa ile ile, na saa bora ni kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijaanza kuchaji. Andika namba ya mita kama ilivyo, kisha toa ya jana. Ukurasa wangu una tarehe, jua, upepo, matumizi, volti za alfajiri, saa ya betri kujaa, na nafasi pana ya maneno: "mawingu mpaka saa tano", "kusi kali", "wageni wanne, simu nyingi", "nimeosha paneli". Usidharau maneno hayo. Baada ya miezi miwili ndiyo yatakayokueleza kwa nini namba ya tarehe fulani ilianguka.

Hatua ya 9: Betri iliyojaa inaficha umeme

Hapa ndipo mfumo usio na gridi unapotofautiana na ule wa gridi. Kwenye gridi, kila kinachozalishwa hupata pa kwenda. Kwako, pipa likijaa, kontrola hufunga bomba. Paneli nzima, safi, iliyo juani itaonyesha ampea mbili, na mita itaandika kidogo. Mtu asiyejua atasema paneli ni mbovu.

Ujaribu hivi. Saa nane mchana, anga safi, bana klampu mita kwenye waya wa paneli. Soma. Sasa washa kitu kizito, mathalani birika la umeme dogo au pampu, mradi lisizidi inveta. Tazama klampu mita. Kama ampea zilikuwa 2 zikaruka hadi 14, paneli zilikuwa zimeshikwa; tofauti yote ile ilikuwa inamwagika. Kama zilikuwa 9 na zimebaki 9, hakuna kilichofichwa, hicho ndicho zilichonacho.

Kwa mjomba zilikuwa 3, zikaruka hadi 15. Betri ilikuwa inajaa kabla ya saa tano asubuhi kwa sababu ilikuwa imenyauka, kisha jua la mchana wote halina pa kuingia, na saa nne usiku betri imekauka. Paneli ya tatu ingeijaza saa nne asubuhi badala ya saa tano. Basi.

Hatua ya 10: Soma namba zako

Kwa jua, zidisha wati za paneli kwa saa za jua kamili, yaani mwanga wa siku nzima ukihesabiwa kama saa za wati 1000 kwa mita ya mraba. Tanga weka saa 5 kwa siku kama mwanzo, kisha tafuta za kila mwezi za mahali pako kwenye tovuti ya PVGIS ya Tume ya Ulaya au ramani ya jua ya Benki ya Dunia. Zote ni bure. Paneli 300 mara 5 ni wati-saa 1500. Mita ikisema 780, umepata asilimia 52. Sasa angalia safu ya saa ya kujaa. Kama betri ilijaa mapema, tatizo si paneli: ongeza matumizi ya mchana au hifadhi. Kama haikujaa kabisa, rudi hatua ya 4 na ya 7, utafute uchafu, kivuli na waya mwembamba. Kontrola ya PWM ikifika asilimia 65 siku ambayo betri haikujaa, iko vizuri. MPPT izidi 70.

Kisha fanya mizania ya siku ambayo volti za alfajiri zililingana na za alfajiri iliyofuata. Tuseme jua 780, upepo 160, jumla 940. Vifaa vilitumia 610. Zimepotea 330. Inveta ilikaa wazi saa 14 kwa wati 12, hizo 168. Zinazobaki, kama 160, ni za kupita ndani ya betri. Betri ya asidi huchukua karibu sehemu ya tano ya kinachopitia, lithiamu chini ya sehemu ya kumi. Hesabu imefunga. Ikibaki hasara kubwa isiyo na mwenyewe, ama kuna waya uliopita pembeni ya shanti, ama kuna kifaa kinavuta usiku bila wewe kujua.

Usitoe hukumu kwa wiki moja. Kaskazi ya Desemba hadi Februari huja na jua kali na upepo wa alasiri, na kila mfumo huonekana hodari. Kusi ya Juni hadi Agosti hulipa pangaboi usiku na mchana. Mtihani ni Aprili, masika yakiwa yamefunga anga na pepo zikiwa kwenye malelezi, kaskazi imekufa na kusi haijashika. Jua limepungua na upepo umepungua kwa pamoja. Ukubwa wa betri na matumizi yako uyapange kwa kurasa za Aprili.

Fedha ya paneli mjomba aliiongeza kidogo akanunua betri mpya. Inveta sasa inazimwa saa tatu usiku, na taa ziko moja kwa moja kwenye DC. Daftari linaendelea, analiandika mwenyewe kwa penseli, na kwenye safu ya saa ya kujaa siku hizi pameandikwa saa nane, saa tisa, na siku za mawingu mstari mtupu.